Kuchomelea vikalio vya springi kwenye ekseli ya nyuma kabla ya kuifunga kwenye gari

Mtu anayenunua ekseli ya nyuma ya mtumba, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, mara nyingi hurudi gereji na ganda, yaani mwili wa ekseli wenye mabomba mawili na kitovu cha kati, ambalo beringi zake ni nzima, meno ya difu (gia za katikati zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ni mazuri na upana wake unafaa, lakini vikalio vyake haviangukii mahali springi za gari lake zilipo. Kikalio ni kile kibao cha chuma kilichochomelewa juu ya bomba la ekseli, chenye tundu katikati linalopokea kichwa cha senta bolti, ile inayoyashika pamoja majani ya springi. Ni kipande kidogo, lakini uzito wote wa nyuma wa gari hupitia hapo, na msukumo wa gurudumu unaoliendesha gari mbele hupitia hapo vilevile. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuondoa vikalio visivyofaa na kuchomelea vipya, pamoja na braketi ndogo za shokapu na za bomba la breki, kwenye pick-up ya springi za majani ambazo hulala juu ya ekseli, kama ilivyo kwa Toyota Hilux nyingi.

Kuchomelea kwenyewe hakuzidi nusu saa ya moto. Siku nzima inayobaki ni ya kupima, kusafisha na kusubiri chuma kipoe, na huo ndio muda ambao wateja hawapendi kuulipia. Ganda huchomelewa likiwa nje ya gari kwa sababu za msingi: tangi la mafuta na mipira ya breki viko mbali na cheche, vifaa vya umeme vya gari havipitiwi na mkondo wa mashine, na ganda linaweza kugeuzwa ili kila mshono ulale chini ya mkono wa fundi badala ya kumdondokea usoni. Hata hivyo vipimo vinavyoongoza kazi hiyo hupatikana kwenye gari, wala si mezani.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kufungua chochote

Egesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, lisiwe na mzigo, na matairi yawe na upepo unaotakiwa. Pima umbali kati ya senta bolti ya springi ya kushoto na ile ya kulia. Pima tena kutoka pini ya mbele ya kila springi, pale inapoungana na chasisi, hadi katikati ya ekseli. Vipimo vya pande mbili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3 au 4, kuna springi iliyohama au chasisi iliyopinda, na ni afadhali tatizo hilo lijulikane sasa kuliko kuhamishiwa kwenye ekseli mpya.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni pembe ya pinioni, yaani jinsi mdomo wa difu unaofungwa propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka gia boksi) unavyotazama juu au chini. Krosi za propela, yaani viungo vya kujipinda kwenye ncha zake, huzunguka kwa ulaini pale tu zile mbili zinapofanya kazi kwa pembe zinazokaribiana, kwa hiyo shafti inayotoka kwenye gia boksi na shafti ya pinioni zinatakiwa ziwe karibu sambamba. Gari linapoondoka kwa nguvu, springi za majani hujipinda kidogo na pinioni huinua pua. Ndiyo maana kwenye springi za aina hii pinioni huachwa ikiwa imeinama kwa digrii 1 hadi 3 chini ya usambamba kamili. Tuseme shafti ya gia boksi inateremka kuelekea nyuma kwa digrii 4. Pinioni sambamba nayo ingetazama juu kuelekea mbele kwa digrii 4, lakini ukiiweka kwenye digrii 2 itajikuta mahali pake gari linapovuta mzigo. Kwenye gari refu lenye propela ya vipande viwili na senta beringi, kipimo cha kulinganisha huchukuliwa kwenye kipande cha mbele cha propela, siyo kwenye gia boksi.

Namba ya pinioni peke yake haitoshi, kwa sababu ganda likishatoka nje ya gari hakuna anayejua tena usawa wa sakafu uko wapi. Weka kipima pembe kwenye mdomo wa pinioni, andika. Kiweke juu ya springi, karibu na yubolti (bolti yenye umbo la U inayoibana springi kwenye ekseli), mahali jani lilipo bapa, andika tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayohamia mezani. Kama springi inatazama juu kuelekea mbele kwa digrii 1 na pinioni inatakiwa itazame juu kwa digrii 2, basi kikalio na pinioni vitatofautiana kwa digrii 1, iwe ganda limelazwa juu ya meza, juu ya matairi au juu ya mchanga. Iwapo urefu wa gari kutoka chini haubadilishwi na propela ya zamani haikuwa na mtetemo, nakili tofauti iliyokuwepo kwenye ekseli ya zamani na usijifanye mjuzi kuliko kiwanda. Simu zenye programu ya kupima pembe zinafaa kwa kazi hii, mradi ipimwe kwa simu ileile, ikiwekwa kwa ubavu uleule, kila mara.

Kuliandaa ganda

Mwaga oili ya difu, toa hafu shafti (shafti zinazozungusha magurudumu), oili sili, beringi, difu yenyewe, sensa za breki kama zipo, na mabomba ya breki. Wapo mafundi wanaoacha difu na shafti ndani kwa kuogopa kazi ya kuvirudisha. Mkondo wa mashine ukipata njia kupitia beringi hutoboa vidoa vidogo kwenye gololi zake, vidoa ambavyo havionekani siku hiyo lakini huanza kulia baada ya wiki chache. Na oili iliyobaki ndani ya bomba hugeuka moshi unaotafuta pa kutokea. Kwa sababu hiyohiyo, tundu la kupumulia lililo juu ya ganda lazima liwe wazi, na lisiwepo tundu lililozibwa kwa tambara.

Safisha ndani kwa dizeli au mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto yenye sabuni, kisha ukaushe kabisa. Hapa kuna onyo linalostahili kusomwa mara mbili: baadhi ya dawa za kopo za kusafishia breki zina klorini, na mabaki yake yakikutana na joto na mwanga wa kuchomelea hutoa fosijeni, gesi yenye sumu inayoweza kuua hata kama haikuonekana. Dawa hizo zisitumike kabisa kwenye chuma kitakachochomelewa. Asetoni hutosha kwa kufuta mafuta ya mwisho, nayo iachwe ikauke yote, na kopo lake lipelekwe mbali kabla ya mashine kuwashwa.

Sasa angalia ganda limetengenezwa kwa chuma cha aina gani. Maganda mengi ya Toyota ni ya bamba la chuma lililobonyezwa na kuunganishwa kwa mshono mrefu, na chuma hicho huchomelewa bila tabu. Lakini yapo maganda yenye kitovu cha chuma cha kumiminwa, ambacho mabomba mawili ya kawaida yamesukumiwa ndani yake kwa nguvu. Kwenye maganda hayo usichomelee kitu chochote juu ya kitovu. Chuma cha kumiminwa kikichomelewa bila kupashwa moto na bila vijiti vyake maalumu hupasuka kando ya mshono, pengine kikiwa bado kinapoa. Bomba lake tu ndilo la kuguswa.

Vikalio vya zamani hukatwa kwa grainda. Usitumie moto wa gesi, maana ukiteleza kidogo unakuwa umechonga bomba lenyewe. Kata ukiacha milimita 2 za mshono wa zamani, kisha zisage taratibu kwa jiwe, na zile za mwisho kabisa kwa diski ya msasa, mpaka bomba lirudi kwenye mviringo wake. Alama ya kuchimba kwenye bomba, hata iwe nusu milimita, ni mahali pa ufa kuanzia. Baada ya hapo safisha chuma mpaka king'ae, upana wa milimita 30 kuzunguka kila mahali patakapopita mshono. Rangi, kutu, na hasa rangi yenye zinki, viondolewe vyote. Moshi wa zinki humletea fundi homa na baridi jioni ya siku ileile, na wengi wamedhani ni malaria.

Chuma cha vikalio

Kama vikalio vilivyotengenezwa tayari vinapatikana kwa kipenyo cha bomba lako, vinunue. Ikibidi kuvitengeneza, tumia bamba la chuma laini lenye unene wa milimita 6 hadi 8, upana unaolingana na jani la springi, ambalo kwenye pick-up nyingi ni milimita 60, na urefu wa milimita 130 hadi 150 ili springi ipate pa kulalia. Chini ya bamba hilo huja kuta mbili zilizokatwa upinde unaokaa juu ya bomba kama tandiko juu ya punda.

Usikate vikalio kutoka kwenye majani ya springi mabovu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu karibu kila gereji ina rundo la majani hayo na yanavutia: ni bapa, ni mazito, na hayana gharama. Chuma cha springi kina kaboni karibu asilimia 0.6, kiasi ambacho hukifanya kikakamae kama kioo pembeni mwa mshono, na kipande kinachoonekana imara mezani kitakatika kwa ghafla barabarani bila kupinda kwanza. Nondo za ujenzi nazo zisiingie kwenye kazi hii.

Upinde wa kuta upatikane kwa kigezo cha kadibodi kilichojaribiwa kwenye bomba lenyewe. Mwanya kati ya ukuta na bomba usizidi milimita 1.5, mwanya mkubwa hujazwa na mshono, na mshono uliojaza mwanya husinyaa zaidi unapopoa. Tundu la senta bolti litobolewe kwa kipimo cha kichwa cha bolti, likiwa na nafasi ya nusu milimita tu. Tundu likiwa kubwa, ekseli itatembea mbele na nyuma kila breki inapokanyagwa, na yubolti hazitaweza kuizuia kwa muda mrefu.

Kuweka alama na kupiga nukta

Vikalio vipimwe kutoka kwenye ncha za ganda, zile fleji ambazo sahani za breki hufungwa, na kamwe visipimwe kutoka kwenye difu, kwani kwenye baadhi ya gari difu imekaa pembeni mwa katikati. Toa nafasi ya senta bolti kwenye upana wa fleji hadi fleji, gawa kwa mbili, na jibu ndilo umbali wa katikati ya kila kikalio kutoka fleji ya upande wake. Kushoto na kulia visitofautiane kwa zaidi ya milimita 1.

Laza ganda juu ya vigingi viwili vyenye umbo la V. Uso uliosagwa ambao difu hufungwa, kwenye maganda ambayo difu huingilia mbele, umesimama kwa pembe mraba na shafti ya pinioni, kwa hiyo ndio unaokupa pembe ya pinioni hata difu ikiwa imetolewa. Weka kipima pembe hapo, zungusha ganda mpaka upate namba inayofaa kuhesabu kwa urahisi, likaze lisizunguke, kisha weka vikalio na uvigeuze mpaka tofauti uliyoiandika ipatikane. Weka chuma bapa kirefu kikilalia vikalio vyote viwili; kikiyumba hata kidogo, kikalio kimoja kimegeuka kuliko mwenzake, na springi mbili zitakuwa zikilisokota ganda daima. Tofauti kati ya vikalio viwili ibaki chini ya robo ya digrii.

Chora mstari kwa sindano ya kuchorea ukivuka kutoka kikalio hadi bomba, upige alama mbili za sentapanchi, kisha piga nukta nne, yaani mishono mifupi ya kushikilia tu, kwa kila kikalio, kila nukta urefu wa milimita 10 hadi 15. Anza mbele ya kikalio cha kushoto, nenda nyuma ya kikalio cha kulia, na kuendelea hivyo kwa kupishana. Pima tena kila kitu, kwa sababu nukta nazo huvuta.

Ushauri wangu ni kulirudisha ganda chini ya gari likiwa na nukta tu, lifungwe kwa yubolti mbili kila upande bila kukazwa kwa nguvu, na gari lishushwe juu ya springi zake. Ni kazi ya kuchosha, na kijana wa gereji atakutazama kama mtu aliyepoteza kumbukumbu. Lakini nukta nane huondolewa kwa grainda katika dakika 10, ilhali mshono kamili huondolewa kwa nusu siku na bomba hubaki na makovu. Kwenye jaribio hili ndipo utakapoona kama shokapu zinafika, kama mpira wa breki unavutwa, na kama ile valvu ya kugawa nguvu ya breki kwa kadiri ya mzigo, ambayo kwenye pick-up nyingi huunganishwa na ekseli kwa kijiti kirefu, inapata pa kushikia. Valvu hiyo husoma umbali kati ya chasisi na ekseli. Braketi yake ikihamishwa kiholela, breki za nyuma zitadhani gari ni tupu wakati limejaa mahindi, au kinyume chake. Weka alama za braketi hizi ndogo hapohapo, kisha ganda litoke tena.

Mashine na vijiti

Vijiti vya 6013, ambavyo ndivyo vinavyotengeneza madirisha na mageti mtaani, huwaka kwa ulaini na kutoa mshono mzuri machoni, lakini havipenyi sana. Kwa ekseli tumia 7018, aina yenye hidrojeni kidogo, ambayo mshono wake una nguvu ya kuvutwa isiyopungua megapaskali 480 hivi na hustahimili mitikisiko vizuri zaidi. Kijiti cha milimita 3.2 huhitaji takriban ampea 110 hadi 140, na kile cha milimita 2.5 takriban 75 hadi 105, kwa mkondo wa moja kwa moja, kishikio kikiwa upande chanya. Transfoma nyingi zinazosokotwa mtaani hutoa mkondo wa kupishana, na 7018 ya kawaida huzimikazimika juu yake; mashine ya inveta ya ampea 200 ni bora kwa kazi hii, ikipewa waya mnene na mfupi kutoka kwenye soketi. Umeme ukiwa mdogo jioni, wakati mtaa mzima umewasha pasi na majiko, ahirisha kazi hadi asubuhi, maana mshono baridi hulalia chuma bila kushikana nacho na kwa nje hauonekani tofauti.

Udhaifu wa 7018 ni unyevu. Ganda la kijiti, yaani ule unga mgumu uliokifunika, hunyonya maji kutoka hewani, na katika hewa ya Tanga au Mombasa pakiti iliyofunguliwa jana si ya kuaminiwa leo. Unyevu huo huingiza hidrojeni kwenye mshono, na hidrojeni huleta nyufa saa nyingi baada ya chuma kupoa. Fungua pakiti mpya siku ya kazi na umalize kuchomelea ndani ya saa nne, au vikaushe vijiti kwenye tanuri maalumu kwa nyuzi joto 300 hadi 350 kwa muda wa saa moja au mbili. Kuvianika juani hakuvikaushi, na kuviegemeza kwenye jiko la mkaa hupasua ganda lake. Anayetumia mashine ya waya na gesi anaweza kufanya kazi nzuri vilevile kwa waya wa milimita 1.0, mradi asipunguze moto kwa kuogopa kutoboa.

Kuchomelea

Funga waya wa ethi kwenye bomba lenyewe, kwenye chuma kilichosafishwa, karibu na kikalio unachokishughulikia. Vaa ngozi, glavu, na kinga ya uso yenye kioo cha namba 10 au 11, na kizima moto cha unga kiwe mahali ambapo mkono unafika.

Kabla ya cheche ya kwanza, funga kwenye kila fleji chuma kilichonyooka chenye urefu wa milimita 600, katikati yake ikiwa katikati ya fleji, kwanza vyuma vyote viwili vikiwa vimelala. Pima umbali kati ya ncha zake za mbele, kisha za nyuma. Visimamishe wima, upime ncha za juu na za chini. Andika namba zote nne kwa chaki ukutani. Tofauti ya milimita 1 kwenye vyuma vya urefu huo ni karibu sehemu moja ya kumi ya digrii, na hiyo ndiyo lugha ambayo bomba litatumia kukuambia kwamba linapinda.

Litapinda, kwa sababu mshono unapopoa husinyaa, na ukiwa juu ya bomba huufanya upande wa juu kuwa mfupi, hivyo ncha za ekseli huinuka na ncha za juu za vyuma vyako husogeleana. Miaka kadhaa nyuma nilichomelea kikalio cha kulia chote kwa mkupuo mmoja kwa sababu mwenye gari alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitazama saa. Mshono ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilimwita mwanafunzi wangu auone. Baada ya miezi miwili gari lilirudi likivuja oili kwenye gurudumu la kulia, beringi ikiwa ya moto, na tairi limelika upande wa ndani kama limepitishwa kwenye msasa. Nilinunua tairi, beringi na sili kwa fedha yangu.

Kwa hiyo chomelea vipande vifupi vya milimita 30 hadi 40. Kipande cha kwanza mbele ya kikalio cha kushoto, cha pili nyuma ya kikalio cha kulia, cha tatu nyuma ya cha kushoto, cha nne mbele ya cha kulia. Kisha weka kinga chini na usubiri. Chuma kiwe kimepoa kiasi cha kushikika kwa kiganja kabla ya kurudia mahali palepale, na kipoe kwa hewa tu. Maji au upepo wa kompresa huongeza kupinda na hukakamaza pembeni mwa mshono. Zungusha ganda kila mara ili mshono unaofuata utazame juu. Kwa bamba la milimita 6, mguu wa mshono uwe milimita 5 hadi 6, nao hupatikana vizuri kwa mapito mawili kuliko kwa pito moja nene. Kati ya mapito, magamba yote (uchafu mgumu unaoganda juu ya mshono) yagongwe na kusuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane.

Mishono ikae mbele na nyuma ya bomba, kwenye mbavu zake, na isitambae hadi chini ya bomba. Gari linapobeba mzigo, magurudumu husukuma ncha za ekseli juu huku springi zikikandamiza chini, kwa hiyo upande wa chini wa bomba ndio unaovutwa kila linapogonga shimo, na mshono unaokata njia hapo ni kama kovu kwenye kamba iliyokazwa. Usimalizie mshono kwenye pembe ya kikalio. Ishia milimita 10 kabla yake, na rudisha kijiti nyuma kidogo ili shimo la mwisho lijae. Braketi za shokapu na za mabomba ya breki zifuate baadaye, kwa utaratibu uleule wa kupishana, ingawa hizi haziogopeshi sana kwa kuwa mishono yake ni midogo.

Kukagua

Ganda likipoa kabisa, rudia vipimo vinne vya vyuma vya milimita 600. Mabadiliko yaliyo chini ya milimita 1 yanakubalika. Yakizidi, bomba linaweza kunyooshwa kwa kupasha mstari mwembamba upande wa pili, lakini hiyo ni kazi ya aliyewahi kuifanya chini ya usimamizi. Kwa wengine, fundi wa kukereza anaweza kutengeneza mhimili wenye visahani vinavyokaa kwenye viti vya beringi ili uone bomba limehama wapi na kwa kiasi gani.

Mshono wenyewe utazamwe kwa tochi iliyoelekezwa ubavuni. Vitundu, mfereji uliochimbwa kando ya mshono, na mahali ambapo chuma kimelala bila kushikana visagwe na kuchomelewa upya. Usiusage mshono mzima ili upendeze, kwani unapunguza chuma na kuficha kasoro. Kwa nyufa zisizoonekana, seti za dukani za rangi nyekundu na unga mweupe ni nzuri, lakini njia ya wazee ya mafuta ya taa na chokaa bado inafanya kazi: paka mafuta ya taa juu ya mshono uliopoa, yaache robo saa, futa kabisa kwa kitambaa kikavu, kisha paka unga wa chokaa. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yatapanda na kuchora mstari wa kijivu juu ya weupe. Fanya hivyo siku inayofuata, si jioni ileile, kwa sababu nyufa za hidrojeni huchelewa.

Kufunga

Safisha ndani ya mabomba mpaka tambara jeupe litoke jeupe. Chembe moja ya gamba ikiingia kwenye beringi ya pinioni itakugharimu difu nzima. Paka rangi nje, lakini si juu ya uso wa kikalio ambapo springi italala, kwani rangi nene hupondeka na kulegeza yubolti. Sili ziwe mpya. Yubolti nazo ziwe mpya, maana za zamani zimeshavutika, na zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu cha gari, ukimalizia gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake. Kama kuna kitu kilichosahaulika kinachohitaji moto wakati springi zimeshafungwa, zifunike kwa blanketi la kuzuia cheche; tone moja la chuma cha moto likigandia kwenye jani ni mwanzo wa jani hilo kukatika.

Jaza oili, ambayo kwa difu nyingi za aina hii ni 80W-90 ya daraja la GL-5, na kumbuka kwamba ikiwa umeinua pua ya pinioni kwa digrii kadhaa kuliko ilivyokuwa, tundu la kujazia limehama nalo, kwa hiyo beringi ya mbele inaweza kubaki na kiu huku tundu likionyesha kuwa oili imejaa. Toa hewa kwenye breki. Endesha gari tupu kwanza, kisha likiwa na mzigo, ukisikiliza mtetemo kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa. Mtetemo unaokuja unapokanyaga mafuta na kutoweka unapoachia humaanisha pembe ya pinioni imepanda mno.

Baada ya kilomita 500 kaza yubolti tena. Siku hiyohiyo ingia chini ya gari na tochi, futa vumbi kwenye vikalio, na utafute mstari mwembamba wa kahawia kando ya mshono. Rangi haipati kutu baada ya wiki tatu. Mstari huo ukiwepo, chini yake kuna ufa unaofunguka na kufumba, na gari lisibebe mzigo tena mpaka ganda litolewe.